Kufuli la mwenye nyumba

Nairobi na Mombasa utasikia neno hili kila mwisho wa mwezi: "Nyumba ni yangu, usipolipa kufikia tarehe tano, naweka kufuli." Wengi huliamini, hata wapangaji wenyewe.

Kudaiwa kodi ni kweli. Lakini deni halimpi mwenye nyumba ruhusa ya kung'oa mlango, kuezua mabati au kukata maji na stima ili uchoke uhame. Sheria ya Kenya ya Udhibiti wa Kodi inaita usumbufu wa namna hiyo kosa la jinai. Tatizo ni kwamba inalinda nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango cha enzi nyingine kabisa.

Anayelipa zaidi hajaachwa uchi, ingawa atalazimika kwenda mahakama ya kawaida. Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka mpangaji wa mwezi kwa mwezi apewe notisi ya angalau mwezi mmoja. Na mwenye nyumba akitaka kukamata vyombo vyako kufidia kodi, hiyo ni kazi ya dalali wa mnada mwenye leseni, si ya msimamizi wa nyumba na vijana wa mtaa.

Kwa hiyo tunza risiti za kodi, na kufuli likiwekwa, lipige picha.