Maana ya "Open" katika gofu, na kwa nini Jumatano ya Pro-Am si Kenya Open

Kila wiki ya Kenya Open inapofika Nairobi, picha za kwanza kusambaa ni za Jumatano: waziri kavaa kofia, mkurugenzi wa benki kainua fimbo, na kando yao kasimama mwanagofu kutoka Ulaya akitabasamu. Wengi hudhani mashindano yameanza. Bado. Hiyo ni Pro-Am, siku ya wadhamini na wageni wao, na mkwaju unaopigwa siku hiyo hauingii katika matokeo ya Kenya Open hata kidogo. Mashindano yenyewe huanza Alhamisi asubuhi. Na ni Alhamisi hiyo, si Jumatano, ambapo wachezaji wa ridhaa, yaani wasiocheza kwa malipo, na wa kulipwa hupambana kwa haki.

Mashindano yanayoitwa "Open", yaani ya wazi, hayamfungii mtu mlango kwa sababu analipwa au halipwi. Kinachotazamwa ni kiwango chake. Utaratibu huu ulianzia Scotland. Mwaka 1860 klabu ya Prestwick iliandaa mashindano ya wachezaji wanane, wote wa kulipwa, na Willie Park akashinda. Mwaka uliofuata wa ridhaa nao wakaruhusiwa, na hawakuwa wasindikizaji: John Ball alitwaa ubingwa huo mwaka 1890, Harold Hilton mwaka 1892 na 1897, kisha Mmarekani Bobby Jones akautwaa mwaka 1926, 1927 na 1930. Wote watatu walikuwa wa ridhaa.

Kwa hiyo tusidhani kwamba wa ridhaa ni mchezaji dhaifu. Tofauti yao kubwa ni fedha. Kanuni za gofu zilizoanza kutumika mwaka 2022 zinamruhusu mchezaji wa ridhaa kupokea zawadi isiyozidi thamani ya pauni 700 za Uingereza. Akichukua zaidi ya hapo, hadhi yake ya ridhaa imeondoka. Mfano mzuri ni Shane Lowry wa Ireland. Mwaka 2009 alishinda Irish Open akiwa bado wa ridhaa, baada ya mchezo wa ziada dhidi ya Mwingereza Robert Rock. Lowry alibeba kombe, Rock akabeba euro 500,000 za mshindi. Sheria ndiyo hiyo hiyo Nairobi: kijana wa ridhaa akimaliza Kenya Open kati ya wanaostahili kulipwa, jina lake hubaki katika nafasi aliyoipigania, lakini hundi inashuka kwa wa kulipwa anayemfuata.

Turudi kwa Jumatano, maana nayo ina hesabu yake. Katika Pro-Am kwa kawaida mchezaji mmoja wa kulipwa hupangwa na wa ridhaa watatu, na hao watatu wanaweza kuwa wa kiwango chochote. Kinachowawezesha kucheza pamoja ni hendikapu, yaani idadi ya mikwaju ambayo mchezaji hupunguziwa kulingana na uwezo wake. Chukua shimo la pa 4, yaani linalotarajiwa kumalizwa kwa mikwaju minne. Mhasibu mwenye hendikapu 18 hupunguziwa mkwaju mmoja kwa kila shimo. Akiingiza mpira kwa mikwaju minne, kadi inasoma mitatu. Mchezaji wa kulipwa naye akiingiza kwa mitatu, ambaye hapunguziwi kitu, wawili hao wametoka sare. Kama timu yao inahesabu matokeo mawili bora kwa kila shimo, hapo wameandika sita, na wenzao wawili waliopotelea vichakani hawajaiumiza timu. Ni utaratibu wa busara. Mtu anayecheza mwisho wa wiki tu anapata kutembea saa nne au tano na mtaalamu, anamuuliza namna ya kushika fimbo, na mdhamini anaona thamani ya fedha zake.

Ila Alhamisi hendikapu inawekwa kando. Hakuna anayepunguziwa. Mwanafunzi wa chuo aliyeteuliwa kama mchezaji wa ridhaa anapiga mkwaju wa kwanza kutoka alama zile zile za nyuma anazotumia mwenzake aliyeruka kutoka Afrika Kusini au Uhispania, mashimo 18 Alhamisi, mengine 18 Ijumaa. Baada ya hapo mchujo unapita: wachezaji 65 wa kwanza, pamoja na wanaolingana na wa 65, wanaendelea Jumamosi na Jumapili. Waliobaki wanafunga mizigo. Ni kama Nairobi Marathon, ambako karani wa ofisi na bingwa wa dunia huvuka utepe mmoja wa kumalizia na saa haiulizi nani analipwa.

Kenya Open ilichezwa mara ya kwanza mwaka 1967, miaka minne baada ya uhuru, katika uwanja wa Muthaiga, na Mwingereza Guy Wolstenholme ndiye aliyeshinda. Inafaa kukumbuka viwanja hivyo vilitoka wapi. Klabu ya Royal Nairobi ilianza mwaka 1906, Muthaiga mwaka 1913, Karen mwaka 1937. Zilijengwa na kuendeshwa na Wazungu wa enzi ya ukoloni, na Mwafrika aliyeingia humo aliingia kukata nyasi, kuhudumu au kubeba mfuko wa fimbo. Makedi hao walijifunza kwa kutazama. Kizazi kizima cha wanagofu wa kulipwa wa Kenya kilitoka kwao, si katika familia za wanachama. Nikisikia mtu akisema gofu ni mchezo wa matajiri, ninaelewa anachokiona kwenye maegesho ya magari, lakini anawasahau watu hawa.

Kwa miaka mingi mashindano haya yalikuwa sehemu ya msururu ulioitwa Safari Circuit, pamoja na yale ya Nigeria, Zambia na Ivory Coast. Yalichezwa miezi ya mwanzo wa mwaka, baridi ikiwa imeshika Ulaya, hivyo vijana wa huko walikuja kunoa mchezo wao kabla ya msimu wao kuanza. Ndiyo sababu orodha ya mabingwa wa Nairobi ina majina mazito. Seve Ballesteros alishinda mwaka 1978, Ian Woosnam mwaka 1986, Trevor Immelman mwaka 2000. Wote watatu walishinda pia Masters ya Marekani, mojawapo ya mashindano makubwa zaidi ya gofu duniani. Mwaka 1991 Kenya Open iliingia katika Challenge Tour, daraja la pili la Ulaya, na mwaka 2019 ikapandishwa hadi daraja la kwanza. Mwaka huo ilichezwa Karen kwa zawadi ya jumla ya euro milioni 1.1, na Mwitaliano Guido Migliozzi akaondoka na ubingwa.

Mkenya hajawahi kushinda. Aliyekaribia kabisa ni Jacob Okello, aliyeshindwa na Ricardo González wa Argentina katika mchezo wa ziada mwaka 1998. Wapo wanaosema nafasi za wenyeji, hasa wa ridhaa, zipunguzwe kwa kuwa wengi hawapiti mchujo. Sikubaliani nao kabisa. Mchezaji wa Ulaya anayefika Muthaiga ametoka kucheza wiki iliyopita na atacheza wiki ijayo; mwenzake wa Nairobi mara nyingi anasubiri miezi kupata raundi nne mfululizo za ushindani wa kiwango hicho. Pengo hilo huzibwa kwa mashindano mengi zaidi. Kwa sababu hiyo Safari Tour, msururu wa mashindano ya hapa nyumbani usiopaswa kuchanganywa na ile Safari Circuit ya zamani, ilikuwa na maana kubwa kwa wanagofu wetu, na kwa sababu hiyo nilifurahi mwaka 2024 Sunshine Tour ya Afrika Kusini ilipoanzisha msururu wake wa Afrika Mashariki. Ukimwondoa kijana wa ridhaa kwenye orodha ya Alhamisi, mashindano yatabaki na jina la "Open" bila kitu kinacholipatia jina hilo maana.

Ukienda kutazama, usitumie muda wako wote kumfuata nyota. Chukua orodha ya vikundi vya Alhamisi na utafute wachezaji wa ridhaa; kwenye ubao wa matokeo jina la wa ridhaa kwa kawaida huwekewa alama ya herufi "a" au "am". Fuata kikundi chake mashimo tisa, hasa Ijumaa mchana, mstari wa mchujo unapopanda na kushuka na mkwaju mmoja unaweza kumbakiza hadi Jumapili.