Mabeseni mawili na kigimbi: maji moto na baridi huifanyia nini damu?

Karibu kila wiki huingia kliniki kwangu mgonjwa ambaye amekwisha kuweka mabeseni mawili nyumbani, moja la maji moto na jingine la maji baridi, akawa anahamisha mguu kutoka hili hadi lile ili, kama anavyosema, "kusukuma damu". Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Nairobi, na wengi wao siwakatazi. Ninalopingana nalo ni hilo neno kusukuma, kwa sababu humfanya mtu alitarajie beseni lifanye kazi lisiloiweza.

Chini ya ngozi kuna vijishipa vya damu ambavyo kuta zake zina misuli laini. Vikipata joto hulegea na kupanuka. Vikipata baridi, neva hutoa kemikali iitwayo noradrenalini na vijishipa hunywea. Mabadiliko haya si madogo. Ngozi ya mtu aliyetulia mahali pa hali ya wastani hupitisha chini ya nusu lita ya damu kwa dakika, ilhali mwili mzima ukipatwa na joto kali sana kiasi hicho huweza kufika lita 6 hadi 8. Kwa ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi, kwa hiyo mimi hutazama kucha. Mguu ukitoka kwenye maji ya digrii 40, ninabonyeza kucha ya kidole gumba mpaka ipauke, ninaiachia, na rangi inarudi papo hapo. Baada ya dakika moja kwenye maji baridi, rangi ile ile hurudi kwa kujivuta, kana kwamba imeamshwa usingizini.

Hayo yote, hata hivyo, ni mambo ya ngozini. Msuli uko ndani zaidi, umefunikwa na mafuta ambayo hayapitishi joto kwa urahisi, na dakika chache za maji moto hazitoshi kuufikia kabla ya baridi kuja kulifuta joto hilo. Watafiti wa Marekani walipima jambo hili katika miaka ya 1990 kwa kuingiza vipimajoto kwenye kigimbi, na wakakuta kwamba sentimita moja tu chini ya mafuta, joto la msuli halikubadilika hata kwa digrii moja. Zaidi ya hayo, kijishipa kinachopanuka na kunywea hakisukumi damu mbele kama moyo; kinafungua njia au kuibana, basi.

Anayeisukuma damu ya miguuni irudi juu ni kigimbi chenyewe. Kila unapopiga hatua msuli huo hukaza na kuzikamua vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, zilizo ndani yake, na vali za vena huizuia damu isirudi chini. Mlinzi anayesimama langoni kwa muda wa saa 12 bila kutembea huvimba vifundo kwa sababu pampu hiyo imelala, na hakuna beseni litakaloiamsha. Ndiyo maana mgonjwa wangu akiwa ndani ya maji humwamuru akunje na kunyoosha kifundo mara 20 au 30; nina hakika kwamba sehemu kubwa ya manufaa anayoyasifia hutokana na mazoezi hayo. Maji yenyewe pia husaidia kidogo kwa uzito wake, kwani huubana mguu, na kadiri yanavyokuwa na kina ndivyo yanavyobana zaidi. Beseni la kufulia hufika kifundoni tu. Ndoo ndefu ni bora.

Tiba yenyewe si ngeni. Padri Sebastian Kneipp wa Bavaria, Ujerumani, aliyefariki mwaka 1897, aliieneza sana tiba ya maji, na kwetu nani hajui kukandwa kwa maji moto? Kwa maumivu ya misuli baada ya mbio au mazoezi mazito, tafiti zinaonyesha kwamba kubadilisha maji kunapunguza maumivu kuliko kukaa tu, ingawa hakuzishindi njia nyingine kama kutembea polepole au kujitumbukiza kwenye maji baridi peke yake. Huo ni msaada wa kweli, na maumivu yakipungua mtu hutembea.

Kipimo ninachokitumia ni maji moto ya digrii 38 hadi 40 kwa dakika 3 au 4, kisha baridi ya digrii 10 hadi 15 kwa dakika 1, kwa dakika 20 hivi kwa jumla. Wengi huamini kwamba maji ya tangi la Nairobi mwezi wa Julai yanatosha kwa upande wa baridi. Niliyapima asubuhi moja yakawa digrii 17, kwa hiyo tia barafu. Chumvi ukitaka weka, haidhuru wala haiongezi kitu. Mguu uliotoka kuteguka leo usiutie kwenye maji moto kabisa.

Linalonitia hofu ni ganzi. Mzee mmoja mwenye kisukari aliletwa na bintiye, nyayo zikiwa na malengelenge, akaniambia, "Daktari, maji yalikuwa vuguvugu tu." Mimi si daktari, lakini siku ile sikumsahihisha. Neva zake zilikuwa zimekufa ganzi. Mkono wa binti ungeugundua moto ule mara moja. Mwenye kisukari, kwa hiyo, asitumie tiba hii mpaka hisia za nyayo zake zipimwe. Vilevile ajiepushe mwenye ateri (mishipa inayoleta damu kutoka moyoni) za miguu zilizoziba, mwenye kidonda kibichi, mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu lisilodhibitiwa, na mwenye selimundu (sickle cell), kwa kuwa baridi huweza kumwamshia maumivu makali. Na ikiwa kigimbi kimoja kimevimba ghafla, kina joto na kinauma, usikikande wala usikitie majini: huenda kuna donge la damu ndani ya vena, nenda hospitali siku hiyo hiyo.