Zile herufi 16 si tokeni

Vijana wa mifumo hapa Dar wana dawa moja kwa kila skripti (programu ndogo inayojiendesha) iliyogoma kutuma barua pepe: "Tengeneza tokeni ya Gmail, ibandike pale kwenye nywila." Kinachotengenezwa hapo ni nywila ya programu, herufi 16 ambazo Google hukupa ukishawasha uthibitishaji wa hatua mbili. Ni nywila tu, ila imetungwa na mashine.

Tokeni ni kibali. Mwenye akaunti anaridhia, seva ya utambulisho inaipa programu kibali cha kufanya jambo fulani kwa muda fulani. Utaratibu unaitwa OAuth 2.0, wa mwaka 2012. Kwa utaratibu huo, skripti inayotuma mauzo ya duka la Kariakoo kila usiku haijui nywila ya mwenye duka. Inaionyesha seva ya SMTP, ile inayopokea barua pepe za kutumwa, kibali kwa XOAUTH2, njia ya kuwasilisha tokeni badala ya nywila, barua inaondoka.

Nywila ya programu inaishi mpaka uifute au ubadilishe nywila kuu, na anayeipata anasoma barua zako zote. Tokeni ya Google huisha kwa saa moja hivi, kisha skripti inaomba nyingine kwa kutumia tokeni ya kuhuisha. Hiyo ya pili ndiyo husahauliwa: skripti inatuma vizuri jioni, usiku inagoma, lawama anabebeshwa mtu wa mtandao. (Kwa SMTP, hata hivyo, Google hudai kibali cha sanduku zima. Ukitaka cha kutuma tu, pitia API ya Gmail, yaani mlango wa programu kuongea na Gmail moja kwa moja.)

Halafu kuna LUKU, umeme wa kulipia kabla, iliyotuzoesha vibaya neno tokeni. Zile namba 20 ukizimwaga kwenye grupu la WhatsApp, jirani hafaidi kitu, maana zinaingia kwenye mita yako tu. Tokeni ya OAuth kwa kawaida ni ya mbebaji: aliyeishika ndiye mwenyewe, seva haiulizi zaidi. Kwa hiyo "itaisha tu" si sababu ya kuiacha ndani ya msimbo, hasa ile ya kuhuisha, ambayo haiishi kwa saa moja.

Kwa skripti ndogo sikatazi nywila ya programu. Ila kwenye maelekezo ya mteja iandike kwa jina lake, ili atakayerithi mfumo asihangaike kutafuta tokeni ya kuhuisha ambayo haikuwahi kuwepo.