Je, wajua kwa nini kumlipa mchezaji wa chuo Marekani hakukuwa jinai, na bado watu walifungwa?

Februari 2005, mahakama ya shirikisho mjini Memphis, Tennessee, ilimtia hatiani Logan Young, tajiri aliyekuwa shabiki wa kufa na kupona wa timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Alabama. Upande wa mashtaka ulidai alimwaga dola 150,000 ili kijana mmoja wa sekondari, aliyekuwa akigombewa na vyuo kibao, aende Alabama na si kwingine. Juni mwaka huohuo akahukumiwa miezi sita gerezani na miezi sita mingine ya kifungo cha nyumbani.

Mtu akiisikia habari hiyo juu juu huondoka na hitimisho moja: kumbe Marekani ukimpa mwanafunzi mchezaji hela, unafungwa. Hitimisho hilo limeenea mno, hata kwa watu wanaofuatilia michezo hiyo kila wiki, na lina mantiki yake. Kuna kosa, kuna pesa za kificho, kuna mtu kizimbani. Nini kingine kitakuwa kimempeleka?

Kilichompeleka ni kingine kabisa. Hapakuwa na sheria ya shirikisho iliyosema mfadhili wa timu akimpa mchezaji wa chuo bahasha ametenda jinai. Kilichokataza bahasha ni kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo tangu 1906, na NCAA ni chama cha hiari. Vyuo vinajiunga, vinakubali kanuni, vikizivunja vinaadhibiwa na chama chenyewe. Mwaka 1988 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya kocha Jerry Tarkanian, iliamua kwa kura 5 kwa 4 kwamba chama hicho si mkono wa serikali. Hakina polisi. Hakiwezi kumlazimisha mtu wa nje ya vyuo vyake aje kutoa ushahidi, na mfadhili mwenye kiwanda au duka la magari ni mtu wa nje. Adhabu kubwa kinayoweza kumpa ni kukiagiza chuo kikate uhusiano naye: asiuziwe tiketi za upendeleo, asikanyage chumba cha kubadilishia nguo.

Ushahidi mzuri ni Chuo Kikuu cha Southern Methodist, SMU, kule Dallas. Huko wafadhili walikuwa na mfuko wa siri, na uchunguzi ulikuta wachezaji 13 wamelipwa jumla ya dola 61,000 hivi. Chuo kilikuwa tayari chini ya adhabu kwa makosa ya aina hiyohiyo. Bill Clements, aliyekuwa mwenyekiti wa bodi ya chuo na ambaye kufikia Machi 1987 alikuwa gavana wa Texas, akakiri kwamba bodi ilijua na ikaacha malipo yaendelee, kwa hoja kwamba wachezaji walishaahidiwa. Soma tena sentensi hiyo: gavana aliye madarakani anakiri hadharani. NCAA ikafuta msimu mzima wa SMU wa 1987, na chuo chenyewe kikasusa ule wa 1988. Timu ilichukua zaidi ya miaka 20 kurudi kwenye mechi za heshima za mwisho wa msimu. Jela je? Hakwenda mtu. Clements alimaliza muhula wake wa ugavana.

Hapa niweke tahadhari moja. Marekani ina majimbo 50 na kila jimbo hutunga sheria zake, kwa hiyo si sahihi kusema malipo hayo hayakuwahi kugusa sheria popote. Texas, kwa mfano, ina kifungu kinachomruhusu aliyepata hasara kumdai fidia mtu aliyevunja kanuni za chama cha michezo ya vyuo. Lakini hiyo ni kesi ya madai, haina pingu. Mawakala wa wachezaji nao wana sheria zao, za majimbo na ya shirikisho. Mfadhili wa kawaida, shabiki mwenye pochi nene, ndiye ambaye mara nyingi alibaki katikati bila kifungu cha jinai kinachomtaja.

Sasa turudi kwa Young. Kilichomponza ni kwamba, kwa mujibu wa mashtaka, hela hazikwenda kwa kijana. Zilikwenda kwa kocha wake wa sekondari, na sekondari hiyo ilikuwa ya umma. Kocha wa shule ya umma ni mtumishi wa umma, na kumpa mtumishi wa umma pesa ili atumie nafasi yake kukufaidi ni rushwa kwa sheria za Tennessee, hata kama jambo lenyewe ni mpira. Ongeza kwamba mambo hayo yalivuka mpaka wa jimbo, serikali kuu ikapata mlango wa kuingilia. Shtaka la tatu ndilo ninalolipenda zaidi kwa ukavu wake: kutoa fedha benki kwa mafungu yaliyopangwa yasifike kiwango cha kutolewa taarifa. Benki za Marekani zinatakiwa kuripoti muamala wa fedha taslimu unaozidi dola 10,000. Ukitoa 9,000 leo na 9,000 keshokutwa kwa nia ya kukwepa ripoti hiyo, kukwepa kwenyewe ni kosa, hata kama fedha ni zako halali na unataka tu kununua ng'ombe.

Kocha alikiri kosa na akatoa ushahidi dhidi ya Young, naye akapewa kifungo cha nje. Young alikana hadi mwisho kwamba alimlipa mtu. Alifariki Aprili 2006 rufaa yake ikiwa bado haijaamuliwa.

Kule Michigan mlango ulikuwa mwingine. Ed Martin alikuwa fundi umeme mstaafu wa Ford ambaye aliendesha bahati nasibu haramu ndani ya viwanda vya magari vya Detroit. Faida yake aliikopesha wachezaji wa mpira wa kikapu wa Chuo Kikuu cha Michigan. Mwaka 2002 alikiri kula njama ya kutakatisha fedha, na hati za mahakama zilitaja dola 616,000 kwa wachezaji wanne, kati yake 280,000 zikihusishwa na Chris Webber, nyota wa kizazi kile kilichofika fainali ya taifa mara mbili mfululizo, 1992 na 1993. Ona tena kosa liko wapi: fedha zilitoka kwenye kamari haramu, na mikopo ilikuwa njia ya kuzificha. Zingekuwa mshahara wake halali wa Ford, upande wa mashtaka usingekuwa na cha kushika.

Webber mwenyewe hakushtakiwa kwa kupokea. Alishtakiwa kwa kudanganya mbele ya jopo kuu la uchunguzi alipoulizwa kama alipokea. Mwaka 2003 alikubali kosa la kudharau mahakama, akakiri kwamba mwaka 1994 alimrudishia Martin dola 38,200 hivi. Mwisho wa yote alipigwa faini ya dola 100,000, yeye aliyekuwa na mkataba wa miaka saba wa dola milioni 122.7 na timu ya kikapu ya kulipwa ya Sacramento. Martin alikuwa ameshafariki, Februari 2003. Chuo kilishusha mabango ya fainali zile mbili kutoka kwenye paa la ukumbi wake na kuyafuta matokeo.

Kesi iliyokwenda mbali kuliko zote, na iliyogawanya wanasheria, ilianza Septemba 2017 New York. Waliokamatwa walikuwemo James Gatto, meneja wa adidas, na wenzake Merl Code na Christian Dawkins. Ukweli wa malipo haukubishaniwa sana. Familia za wachezaji wa kikapu ziliahidiwa pesa, mojawapo dola 100,000, ili vijana waende kwenye vyuo vyenye mkataba wa vifaa na adidas, na fedha zilipitishwa kwa ankara za uongo. Mawakili wa utetezi walisema waziwazi mahakamani: ndiyo, wateja wetu walivunja kanuni za NCAA, lakini kanuni si sheria.

Upande wa mashtaka ukajibu kwa hoja ambayo ukiisikia mara ya kwanza unadhani ni mzaha. Walisema walioibiwa ni vyuo.

Ili kuielewa, chukua ndondo ya mtaani kwenu. Kamati imeweka kanuni kwamba mchezaji yeyote asilipwe. Tajiri mmoja anamchomekea straika elfu hamsini. Ikigundulika, kamati itaitoa timu na kuinyang'anya mbuzi wa ubingwa, na mkienda polisi afande atawauliza kama hamna kazi za kufanya. Sasa tuseme kuna shule pale kata inayowalipia karo ya mwaka mzima wachezaji bora, kwa sharti wajaze fomu: mimi sijapokea hela ya mtu, wala mzazi wangu hajapokea. Tajiri anamlipa baba kwa siri, kijana anasaini, mhasibu anaiona fomu safi na kutoa karo. Hela imetoka kwenye akaunti ya shule, na kilichoitoa ni maelezo ya uongo ambayo tajiri alijua yatatolewa. Hapo afande anafungua jalada, kwa sababu kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu hakuhitaji kanuni ya ndondo ili kuwe kosa. Elfu hamsini bado si jinai. Kazi yake ni kuifanya fomu iwe ya uongo, basi.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa New York. Karo ni skolashipu, fomu ni hati za kuthibitisha kwamba mchezaji anastahili kucheza, na kwa kuwa mawasiliano yalipita kwa simu na barua pepe kati ya majimbo, kosa likawa la shirikisho. Oktoba 2018 washtakiwa wote watatu walitiwa hatiani. Gatto alipewa miezi tisa, wenzake miezi sita sita, na wakaamriwa kuvilipa vyuo fidia. Utetezi ulikuwa umesema nia yao ilikuwa kuvisaidia vyuo vishinde, siyo kuviibia, na kusema kweli ni vigumu kumpata mwizi anayemletea mwenye nyumba mchezaji wa urefu wa mita mbili. Mahakama ya rufaa iliidhinisha hukumu Januari 2021, ingawa jaji mmoja kati ya watatu alitofautiana na wenzake juu ya baadhi ya ushahidi ambao washtakiwa walizuiwa kuutoa.

Kisha ikaja zamu ya NCAA. Mahakama ya New York ilishasema Kansas na Louisville ni miongoni mwa vyuo vilivyodanganywa. NCAA, kwa matukio yaleyale, ikavifungulia mashtaka ya kinidhamu vyote viwili, na kwa upande wa Kansas ikadai kwamba adidas yenyewe ni mfadhili wa timu, sawa na shabiki tajiri, hivyo dhambi zake ni za chuo. Chuo kimoja, pesa zilezile: mahakamani kinalipwa fidia, kwenye chama kinajitetea. Kansas ilibishana hadi 2023 na ikaishia kupoteza ushindi kwenye vitabu na kuwekwa chini ya uangalizi kwa miaka mitatu.

Wakati huohuo ardhi ilikuwa inahama. Juni 2021 Mahakama ya Juu iliamua kwa kauli moja dhidi ya NCAA katika kesi ya Alston kuhusu mipaka ya misaada ya kielimu kwa wachezaji, na Julai 1 mwaka huo chama kikaruhusu wachezaji kuuza majina na sura zao kwa matangazo. Wafadhili wakaunda vikundi vya kuchangisha na kulipa waziwazi. Januari 2024 mwanasheria mkuu wa Tennessee, jimbo lilelile la kesi ya Young, akaungana na mwenzake wa Virginia kuishtaki NCAA kwa kuwazuia vijana kujadiliana malipo na vikundi hivyo kabla ya kuchagua chuo. Mwezi uliofuata jaji alikizuia chama kutekeleza katazo hilo.

Kundi moja halikufaidi sana uhuru huo, nalo linatugusa huku kwetu. Wakenya wamekimbilia vyuo vya Marekani tangu enzi za Henry Rono pale Washington State miaka ya 1970, na Edward Cheserek alitwaa mataji 17 ya NCAA akiwa Oregon. Mwanafunzi mgeni kwa kawaida huwa na viza ya F-1, na viza hiyo haimruhusu kufanya kazi nje ya chuo bila kibali. Kwake yeye, hela ya tangazo inaweza kuwa suala la sheria za uhamiaji za serikali. Ile dhana potofu tuliyoanza nayo inamkaribia yeye kuliko mwenzake Mmarekani wanayelala bweni moja.

Nadharia ya New York bado iko hai kisheria. Mwaka 2023, katika kesi ya Ciminelli, Mahakama ya Juu ilibana maana ya udanganyifu, lakini Mei 2025, katika ile ya Kousisis, ikakubali kwamba mtu anaweza kutiwa hatiani kwa kuvuta fedha kwa uongo hata kama hakukusudia aliyedanganywa apate hasara. Mwezi uliofuata jaji Claudia Wilken aliidhinisha maridhiano ya kesi ya House, ya wachezaji dhidi ya NCAA, yaliyoruhusu vyuo vyenyewe kuwalipa wachezaji. Maridhiano hayo yanataka kila mkataba wa mtu wa nje unaofikia dola 600 usajiliwe na kukaguliwa, na ule wa mfadhili uonyeshe kwamba una lengo halisi la kibiashara. Mchezaji anajaza maelezo, mfadhili anasema kweli alihitaji tangazo la duka lake la matairi, na chuo kinatoa mamilioni yake kwa kuamini kwamba maelezo hayo ni safi.