Kifaa Kizima, Kinga Imekwisha

Tunapowafundisha wafanyabiashara wa Kisumu usalama wa mtandao, huanza kwa swali jepesi: ruta yenu iko wapi? Wengi huonyesha kwanza kompyuta ya kaunta. Ruta yenyewe, kile kisanduku kinachosambaza intaneti dukani, huja kuonekana juu ya kabati, imejaa vumbi, haijaguswa tangu fundi aliyeifunga alipoondoka. "Haijawahi kutusumbua," mwenye duka husema. Lakini ruta iliyovamiwa nayo haimsumbui mwenyewe. Intaneti inaendelea kama kawaida.

Kila programu ina mianya, na mtengenezaji huiziba kwa viraka vinavyokuja kama masasisho. Siku anapotangaza kwamba hashughulikii tena toleo fulani, mwanya utakaogunduliwa baada ya hapo hauzibwi. Windows 7 ilifikia siku hiyo tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha kwenye mpango wa muda wa nyongeza. Kompyuta haizimiki, na risiti bado zinatoka.

Wahalifu nao hujifunza kutokana na viraka. Toleo jipya likitibiwa, wao hulinganisha kabla na baada, wakaona palipobadilika, kisha wakajaribu tundu lile lile kwenye toleo la zamani. Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha mwanya mmoja wa Windows. Mei mwaka huo huo kirusi cha WannaCry kikapita humo humo, kikafunga mafaili na kudai fidia, hata hospitali za umma Uingereza zikaahirisha matibabu. Waliochelewa kwa miezi miwili tu waliumia. Wewe mwenye kompyuta isiyopata kiraka chochote unategemea nini? Antivairasi husaidia kidogo, lakini ni mlinzi wa getini kwenye nyumba yenye ukuta uliobomoka.

Turudi kwa ruta, maana ndiyo inayotutia wasiwasi zaidi. Unapoandika anwani ya benki, ruta huelekeza simu au kompyuta yako kwa seva, yaani kompyuta ya mtandaoni inayotafsiri jina hilo kuwa namba. Mvamizi akibadilisha mpangilio huo, hata simu mpya kabisa ya mhasibu inaweza kupelekwa kwenye ukurasa bandia, na kirusi hakuna ndani yake. Kivinjari kikikuonya kwamba ukurasa si salama, usibonyeze kuendelea. Nenosiri la ruta nalo, kama bado ni lile lililobandikwa mgongoni mwake, libadilishe leo. Mashine ya kurekodi kamera za duka ina udhaifu huo huo, hasa ikiwa fundi aliifungulia njia ili uitazame ukiwa nyumbani.

Wengi wetu hununua kompyuta za mitumba, na sioni aibu humo. Shida ni kuangalia ukubwa wa diski tu. Tazama namba ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta: i5-6200 ni ya kizazi cha sita, i5-8250 ni ya nane. Kwa prosesa za Intel, Windows 11 kwa kawaida hutaka kizazi cha nane kwenda juu. Muuzaji akikuambia "itakubali tu", kuna ujanja wa kuiingiza kwa nguvu, lakini Microsoft haikuhakikishii masasisho.

Kama fedha hazijapatikana, ya zamani itoe kwenye intaneti, ibaki ya kuchapisha na hesabu za stoo, au iwekewe Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, inayosasishwa. Wi-Fi ya wateja itenganishwe na ya ofisi. Nakala za mafaili ziwe kwenye diski inayochomolewa kila jioni.

Anayehifadhi namba za simu na vitambulisho vya wateja ana jambo moja zaidi. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, data ikivuja na wateja wakawa hatarini kudhurika, Kamishna wa Data anapaswa kujulishwa ndani ya saa 72 tangu ulipojua. Saa hizo hupita haraka kama hujui hata nenosiri la ruta yako lilibaki na fundi gani.