Velkro za nepi za kitambaa: maswali ya kinamama, tufue vipi isife na mtoto asikwaruzike

Mimi nashona nepi za kitambaa hapa Ngamiani, Tanga, na siku za kliniki huwa nakaa na kinamama tunaongea usafi wa mtoto, sasa maswali yanayorudi ni yale yale na mengi ni ya velkro, ile ya kubandika na kubandua, kwamba miezi miwili tu haishiki tena, au imemkwaruza mtoto paja, au imeng'ang'ania kanga kwenye beseni mpaka kanga imetoka nyuzi. Nimeyakusanya hapa na majibu yake ili hata wa Muheza na Pangani wapate.

Kwani velkro inaharibiwa na nini? Mimi mbona nafua taratibu tu.

Chukua kipande ukishike juani ukiangalie kwa karibu. Upande mgumu una meno madogo madogo yaliyopinda kama ndoana, upande laini una manyoya, na yale manyoya ukiyatazama vizuri ni vitanzi. Ndoana inanasa kitanzi, basi, hakuna gundi wala nini. Ni kama kishona nguo, ukipita shambani unarudi gauni limejaa mbegu. Na kweli wazo lilitokea hivyo, mwaka 1941 mhandisi mmoja wa Uswisi, George de Mestral, alirudi matembezini na mbwa wake akakuta mbegu za mmea mwingine wenye tabia hiyo zimenasa kwenye manyoya, akaziweka kwenye hadubini akaona zina vindoana.

Sasa ndoana haichagui. Ukiitumbukiza kwenye beseni ikiwa wazi inanasa kila kinachopita, nyuzi za taulo, nywele, flana ya mtoto, kanga ya mama, na kila ikinasa inajaa uchafu, na wewe ukiivuta kwa nguvu unang'oa vile vitanzi vya nguo nyingine. Kwa hiyo kinachoiua velkro mara nyingi sio sabuni wala sio mikono yako, ni kuachwa wazi majini.

Basi nifanyeje?

Ifunge kabla nepi haijagusa maji. Ukimvua mtoto tu, hapo hapo, kabla ya ndoo. Meno yawe yamekaa juu ya manyoya yake yenyewe, hata jino moja lisichungulie nje.

Shida ni kwamba nepi nyingi ukizifunga kama mtoto alivyovaa zinakuwa kama kikaptula, ndani hakufuliki vizuri. Ndio maana mimi siku hizi kila nepi naiongezea kipande cha tatu. Iko hivi, yale masikio mawili ya nyuma yanayokuja kufungwa tumboni yana velkro ngumu, sasa kwa ndani, pale sikio linapoanzia, nashona kipande kidogo cha velkro laini, kipana kidogo kuliko ile ngumu ili kiimeze yote. Wakati wa kufua unalikunja sikio kwa ndani linajilaza pale, nepi inabaki imefunguka yote na unaisugua unavyotaka. Ni kipande cha kama sentimita nne tu kila upande, fundi yeyote wa cherehani anakushonea huku unasubiri. Nepi zangu za kwanza nilizomshonea binti yangu hazikuwa nacho na zile zingine zinacho, ukizishika zote mbili leo unajua bila kuambiwa.

Shoga yangu kaniambia nisisugue sana na nitumie maji baridi tu ili velkro idumu. Ni sawa?

Hapana dada, na hili ndilo linaloniuma zaidi kwenye mambo haya yote. Nimeona mama anasuuza nepi ya mkojo kwa maji matupu, anaanika, anamvalisha tena, kisa anaogopa velkro itaisha, na mtoto ana vipele vyekundu mpaka kwenye mikunjo ya mapaja. Velkro inanunuliwa kwa mita dukani kwenye zipu na vifungo, ngozi ya mtoto hainunuliwi.

Mkojo ukikaa kwenye kitambaa unageuka, ile harufu kali inayokupanda puani asubuhi ni amonia, na hiyo inaunguza ngozi. Choo nacho wengi wanasema cha mtoto mchanga hakina neno, sio kweli, kina vijidudu vya kuharisha kama cha mtu mzima. Kwa hiyo choo kikung'utwe chooni kwanza, nepi isuuzwe maji ya baridi ili doa lisigande, ndio ifuliwe kwa sabuni na maji ya moto, isuguliwe sawasawa, halafu isuuzwe mpaka maji yatoke safi hayana povu, mana sabuni iliyobaki nayo inawasha. Maji ya moto ya beseni hayaiyeyushi velkro. Funga velkro, halafu fua kwa nguvu zako zote. Ukimaliza nawa mikono kwa sabuni, na usisahau kumnawisha na mtoto anayekusaidia.

Na ile ndoo ya kulowekea iwe na mfuniko na iwekwe mahali mtoto hafiki. Mtoto anayetambaa anaweza kuzama kwenye maji kidogo sana na wala hapigi kelele.

Bibi anasema nepi lazima ipigwe pasi, lakini nikipiga pasi velkro inaungua. Nimsikilize nani?

Bibi yuko sahihi, msikilize. Huku pwani kuna yule nzi wa maembe anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa, hasa kivulini, na kwenye mchanga wenye harufu ya mkojo. Yai likiangua, funza anaingia kwenye ngozi ya mtoto anakaa mle anakua, kwa nje unaona kama jipu lenye kitundu juu na mtoto analia usiku haijulikani kwa nini. Nepi kwa yule nzi ni kama umemkaribisha, ina unyevu na hata ukiifua harufu ya mkojo haishi yote. Joto la pasi linaua mayai, ndio maana bibi zetu walikuwa wakali kwenye hili.

Ila velkro ni nailoni, na pasi ya mkaa haina kipimo cha moto. Ukiipitisha juu ya meno yanalala na kushikana na hayasimami tena, nimeshaharibu sita kwa mpigo kwa kufanya haraka. Kwa hiyo fanya hivi, masikio yatoe nje ya meza yaning'inie, piga pasi mwili wa nepi ndani na nje, mishono ya miguuni usiiruke. Ukikaribia velkro geuza nepi, pigia upande wa nyuma, weka kitambaa kizito cha pamba katikati na upite haraka bila kukandamiza.

Na kazi kubwa ifanyike kwenye kuanika. Anika juani, jua lenyewe, kwenye kamba iliyo juu, usitandaze kwenye majani wala kwenye mchanga wala juu ya kichaka cha uani. Masika ya Machi mpaka Mei jua linapokosekana, anika ndani kwenye chumba chenye neti madirishani. Ukiona hilo jipu lenye kitundu usilikamue kamue mwenyewe, nenda kituo cha afya wamtoe akiwa mzima, akikatikia ndani kidonda kinaweza kuota usaha.

Wakati wa kuanika velkro nayo ibaki imefungwa, upepo wa kusi unazizungusha nepi zinashikana kamba nzima.

Sisi tunatumia maji ya kisima, yana chumvi, sabuni haitoi povu. Inahusiana?

Inahusiana sana. Maji magumu yakikutana na sabuni ya mche yanafanya ule utando mweupe, unaganda kwenye kitambaa kikawa kikavu kama turubai, na unaganda katikati ya meno ya velkro ukashika na nyuzi. Kama una ndoo moja tu ya maji ya bomba au ya mvua usiitumie kufulia, iweke ya kusuuzia mwisho. Sabuni ya unga kwenye maji hayo inafanya kazi vizuri kuliko ya mche, ila kidogo, usijaze konzi.

Na jiki? Na ile sabuni ya kulainisha nguo?

Jiki inachosha lastiki na uzi wa mshono, na ikibaki inamuwasha mtoto. Mimi siiweki kila siku, na ukiiweka usichanganye na siki wala ndimu, inatoa hewa ya sumu. Ya kulainisha acha kabisa, inafanya kitambaa kisinyonye mkojo, sasa nepi isiyonyonya ya kazi gani.

Nina mashine ya kufulia, nizitupie tu humo?

Zitupie zikiwa zimefungwa, ndani ya foronya uliyoifunga mdomo, peke yake bila sweta wala taulo. Kuna waliokata chandarua cha zamani wakashona kimfuko, jamani hapana, vyandarua vingi tunavyogawiwa vina dawa ya mbu, visichanganywe na nguo inayokaa kwenye ngozi ya mtoto masaa yote.

Velkro yangu imeshajaa nyuzi na haishiki. Ndio basi?

Bado. Mara nyingi haijafa, imeziba tu. Isubiri ikauke kabisa, ikiwa mbichi nyuzi zinajisokota zaidi. Chukua kitana cha chawa au mswaki wa zamani mgumu, chana kwa mstari upande mmoja, utaona nyuzi zinainuka kama ukoga, zivute kwa ncha ya sindano. Dakika tano kwa nepi moja, mimi nafanya jioni nikisikiliza redio. Ukishamaliza jaribu kwenye velkro laini mpya, kama inashika basi meno ni mazima na aliyechoka ni ule upande wa manyoya, ubadilishe huo peke yake, fumua kwa wembe taratibu ushone mwingine.

Ile velkro yenye gundi nyuma msinunue ya nepi. Inanata kwenye sindano ya cherehani na ukifua mara chache inabanduka.

Mwanangu ana michirizi myekundu kwenye paja na tumboni. Ni velkro au ni upele wa nepi?

Angalia umbo. Velkro inaacha mstari au alama ya kona, mahali pale pale kila siku, upande ambao sikio linakaa. Sababu ni kona kali, kwa hiyo wakati wa kukata zungushia kona kwa mkasi ziwe duara na ushone hadi ukingoni, au unamfunga sikio halikai lote juu ya manyoya, meno mawili matatu yanabaki nje yanamsugua akitambaa. Upele wa nepi wenyewe unatandaa pale panapolowa, na ukiona wekundu mkali umeingia kwenye mikunjo na una vipele vidogo pembeni, hiyo mara nyingi ni fangasi, inataka dawa yake. Badilisha nepi mara kwa mara, muache wazi kidogo apate hewa, mpake mafuta mazito kama vaselini akishakauka. Siku mbili tatu hakuna nafuu, au kuna malengelenge, usaha au homa, usingoje siku ya kliniki.

Kwa mtoto mchanga ambaye kitovu hakijadondoka, nepi ikunjwe mbele ikae chini ya kitovu, velkro isikifikie kabisa na mkojo usikilowanishe.

Wangu ana miezi kumi, anaifungua mwenyewe anabaki uchi. Nirudi kwenye pini?

Usirudi, pini ikifunguka mwilini mwa mtoto anayehangaika ni hatari. Mvalishe kikaptula juu, au hamisha ufungaji uwe nyuma mgongoni, sikio litoke mbele liende nyuma. Ila mtoto wa umri huo anavuta na kutia mdomoni, na kipande cha velkro kilicholegea kinaweza kumkaba. Mimi kila ninapozitoa kambani naingiza ukucha chini ya kila kona ya velkro, kona ikiinuka nepi hiyo hairudi kabatini, inaenda pembeni ya cherehani mpaka ishonwe.