Mgeni hafungwi kwa kuitwa mgeni

Nimelisikia tena wiki hii, mara ya tatu tangu mwezi uanze: "Fundi, mimi sina wasiwasi, wateja wangu wanatumia akaunti ya mgeni." Yaani akaunti isiyo na haki za msimamizi, anayoingia nayo yeyote. Safari hii alikuwa mama mmoja mwenye steshenari Kirumba, Mwanza, si mbali na Mwaloni. Ana kompyuta nne zenye Ubuntu, mmoja wa mifumo ya Linux. Wafanyabiashara wa dagaa wanakuja kuskani vitambulisho, vijana wanajaza maombi ya ajira, wanafunzi wanaprinti kazi zao. Mama wa watu simlaumu. Fundi aliyemwekea mashine ndiye aliyemwambia hivyo, akalipwa, akaondoka.

Nikamwomba nikae kwenye mashine ya mlangoni. Nikaingia kama mgeni, nikafungua terminali, dirisha la kuandikia amri, nikaandika ls /home/ofisi, yaani nionyeshe yaliyomo kwenye folda ya ofisi. Orodha ikashuka: skani za vitambulisho vya NIDA, mkataba wa pango, daftari la madeni. Nikafungua faili moja, sura ya mteja wake ikajaa kwenye skrini. Mama akavuta kiti.

"Lakini mwanangu, neno la siri la ofisi mgeni si halijui?"

Halijui, mama, na wala hakulihitaji.

Ruhusa za kawaida za Linux zimo mikononi mwa mwenye faili. Yeye ndiye anayeamua nani asome, nani aandike. Kwa miaka mingi Ubuntu ilikuwa ikitengeneza folda ya kila mtumiaji ikiwa wazi kusomwa na watumiaji wengine wote wa mashine hiyo. Ilianza kuzifunga kwenye toleo la 21.04, mwaka 2021, tena ni kwa folda mpya tu. Folda iliyotengenezwa kabla ya hapo inabaki wazi hata ukipandisha toleo, na za mama huyu zilikuwa za zamani.

Najua jibu linalofuata: basi tuifunge kwa chmod 750, amri inayowafungia nje watumiaji wengine, tumalize. Ifunge, tena leo hii. Lakini kesho printa itagoma, kijana wa kaunta ataandika chmod 777, inayomruhusu kila mtu kila kitu, ili kazi iende, na mlango utakuwa wazi tena bila wewe kujua. Na hata folda ikibaki imefungwa, mgeni bado anaweza kuchomeka flashi na kuendesha programu yake, kutazama programu wanazoendesha watumiaji wengine, na kuacha programu ikiendelea kufanya kazi kichinichini baada ya yeye kulipa na kuondoka. Kukosa haki za msimamizi hakumzuii hata moja kati ya hayo.

Dawa ni udhibiti wa lazima, ambao kwenye Linux huletwa na SELinux au AppArmor. Huo hauko mikononi mwa mwenye faili. Sera inaandikwa na msimamizi na kusimamiwa na kerneli yenyewe, kiini cha mfumo. Mgeni hawezi kuilegeza, na mwenye faili hawezi pia. Kerneli inaangalia kwanza ruhusa za kawaida, kisha sera, na lazima zote mbili zikubali. Faili likiwa na 777 na sera ikasema hapana, jibu ni hapana. Kijana wa kaunta na chmod yake hawezi tena kukuharibia.

Hapo ndipo wengine wananiambia: "Hilo nimeshalifanya, SELinux imewashwa." Mmoja wa Nyegezi, mwenye mashine za Fedora, Linux ya aina nyingine, alinionyesha kabisa kwamba iko kwenye hali ya kulazimisha. Nikaingia kama mgeni wake, nikaandika id -Z, amri inayoonyesha SELinux imempa mtumiaji lebo gani. Jibu likaanza na unconfined_u, yaani mtumiaji asiyefungwa. Sera inayokuja na Fedora inabana hasa huduma za mfumo. Mtumiaji wa kawaida anaachwa huru mpaka umpangie nafasi yake. Kumpangia ni mstari mmoja tu: semanage login -a -s xguest_u mgeni, kisha atoke na kuingia upya. Aliye xguest_u anapata skrini ya kawaida, na mtandao anaufikia kupitia kivinjari tu. Aliye guest_u amebanwa zaidi: hana skrini ya picha, hana mtandao. Wote wawili hawawezi kutumia su wala sudo. Ipo pia swichi inayoamua kama wanaruhusiwa kuendesha programu kutoka kwenye folda zao na kwenye /tmp. Kwenye mashine ya wateja mimi huizima ruhusa hiyo bila kumuuliza mtu.

AppArmor ni habari nyingine. Yenyewe hufunga programu, haimfungi mtu kwa jina lake. Ili mgeni abanwe, kikao chake, tangu aingie mpaka atoke, kianzishwe na programu yenye profaili, yaani sera yake, na kila kinachozaliwa humo kirithi profaili hiyo. Uzi huo ukikatika, mgeni yuko huru na hakuna anayeambiwa. Ubuntu wenyewe yaliwapata. Kuanzia toleo la 16.10, systemd, programu inayosimamia huduma za mfumo, ilichukua kazi ya kuanzisha programu za kikao, na programu za mgeni zikawa hazizaliwi tena ndani ya profaili. Profaili ilikuwepo na imewashwa, lakini haikumfunga mtu, na mgeni aliweza kuingia folda za watumiaji wengine. Kasoro hiyo iliandikishwa mwaka 2017 kwa namba CVE-2017-8900 kwenye orodha ya kimataifa ya kasoro za usalama, na Ubuntu ikaamua kuzima kikao cha mgeni kama hali ya kawaida. Kwa hiyo usinionyeshe aa-status, amri inayoorodhesha profaili zilizowashwa, halafu uniambie kazi imeisha. Ingia kama mgeni, jaribu kuiba faili lako mwenyewe, kisha andika ps auxZ uone kila programu imebeba lebo gani. Rudia hivyo kila unapopandisha toleo.

Mengine nayapita haraka. "Sera inaharibu kazi, heri kuizima." Haiharibu, inakataa, na inaandika ilichokataa. Kwa mama wa Kirumba profaili mpya niliyomwekea ilizuia kuprinti. Kwenye kumbukumbu za mfumo kulikuwa na mstari wenye neno DENIED na njia ya soketi ya CUPS, yaani mlango wa huduma ya kuprinti. Nikaongeza ruhusa hiyo moja, printa ikaanza kutema karatasi, na dakika tano hazikuisha. Anayeandika setenforce 0, amri ya kuiambia SELinux isikataze tena, hajasoma kumbukumbu. Na anayemeza kila kitu kinachopendekezwa na audit2allow, programu inayogeuza yaliyokataliwa kuwa ruhusa, bila kukisoma hajamzidi sana.

"SELinux ni ya majasusi wa Marekani." Kweli ilitoka NSA, shirika lao la ujasusi, Desemba 2000. Ilitoka ikiwa na msimbo wake wote wazi, na tangu 2003 imo ndani ya kerneli ya Linux, inasomwa na kila mwenye macho. Simu yako ya Android, kama ni toleo la 5.0 au zaidi, inailazimisha muda huu unaposoma.

"Nina antivirusi." Antivirusi inatafuta faili baya. Mgeni anayesoma skani za wateja wako anatumia programu nzuri kabisa.

Wapo pia wanaodhani sera inazuia kila kitu. Mtu akiwasha mashine kwa flashi yake, kerneli yako haijaamka na sera yako haipo. Weka neno la siri la BIOS, funga kuwasha kwa flashi, na simba diski (encryption) isisomeke bila neno la siri. Mimi pia nasisitiza folda ya mgeni ikae kwenye tmpfs, hifadhi ya muda ndani ya RAM, yenye noexec, inayozuia programu kuendeshwa kutoka humo: mashine ikizimwa inafutika, na kila asubuhi inaanza tupu. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi nchini Tanzania, na skani ya kitambulisho cha mtu ni taarifa binafsi, hata kama umeihifadhi kwenye steshenari ya meza mbili.

Kabla sijaondoka, mama alitaka ajaribu mwenyewe. Akaingia kama mgeni, akaandika ls /home/ofisi kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi, akabonyeza. Permission denied. Akaniuliza maana yake, nikamwambia: umekataliwa. Akaenda mashine ya pili, akaandika tena, majina yakashuka kama mwanzo, maana hiyo nilikuwa sijaifikia. Akachomoa waya wa umeme, akaweka karatasi juu ya kibodi: haitumiki mpaka fundi arudi.